Siku moja kwenye kituo cha kununulia kakao, kuanzia mizani hadi malipo

Saa 12:15 asubuhi

Kishikwambi kibaki kwenye chaji kwanza, mizani ndiyo inayoanza. Mizani ya jukwaa inawekwa sakafuni pasipo na mteremko, povu la pimamaji likae katikati, inawashwa ikiwa tupu na kuachwa dakika 10 hadi 15. Kisha mawe ya kupimia: kilo 20 katikati, kilo 20 kwenye kila pembe, mwisho mawe matatu kwa pamoja, kilo 60. Kwa mizani inayosoma kwa hatua za gramu 100, pembe moja ikipishana na nyingine kwa zaidi ya hatua moja, hatununui nayo. Mara nyingi si mizani iliyoharibika, ni kokoto au punje za jana zilizokwama chini ya jukwaa.

Matokeo yanaingizwa kwenye programu. Programu nzuri haifungui ukurasa wa manunuzi mpaka kipimo cha asubuhi kiwemo. Ile inayokubali "baadaye" huishia kukubali kila siku.

Saa 12:40

Kabla ya kutoka penye mtandao, kishikwambi kinavuta orodha ya wakulima, bei na fedha zilizotengewa kituo. Bei lazima iwe na namba ya toleo na saa ya kuanza kutumika. Hapa ndipo kosa la kawaida kuliko yote linapozaliwa: bei inabadilika usiku wa manane, kituo kimoja hakikuvuta taarifa, kikanunua hadi saa sita mchana kwa bei ya jana bila mtu kujua. Dawa ni kufunga manunuzi kifaa kikipitisha saa 24 bila kuwasiliana na seva, pamoja na kuangalia saa ya kifaa chenyewe. Betri ikiisha kabisa, vifaa vingine huamka na tarehe ya miaka iliyopita.

Saa 1:00

Foleni. Mkulima anatoa kadi, msimbo unasomwa, picha na jina vinatokea. Chini yake kuna kilo alizokwisha kuuza msimu huu na kikomo chake, ambacho hukadiriwa kutokana na ukubwa wa shamba na umri wa miti. Hekta moja ikileta tani 3 za kakao kavu, kuna kakao ya mtu mwingine humo. Kikomo kisimzuie papo hapo, kwa kuwa makadirio nayo hukosea, kimwite msimamizi.

Asiyeandikishwa hauzi leo. Inaonekana ukali, ila wanunuzi wa Ulaya hawana tena nafasi ya kulegeza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inataka kakao iliyotoka kwenye ardhi isiyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na mahali pa shamba pajulikane: shamba linalozidi hekta 4 lichorwe mpaka wake wote, dogo zaidi linatosha nukta moja ya latitudo na longitudo, kwa desimali zisizopungua 6. Desimali 6 ni kama sentimita 11 ardhini, usahihi ambao simu ya kawaida haina, hasa chini ya matawi ya mikakao. Kwa hiyo mwandikishaji husubiri kifaa kionyeshe kosa lisilozidi mita 5 ndipo abonyeze. Uvivu hujionyesha wenyewe kwenye ramani: mashamba 40 yamerundikana juu ya paa la kituo. Ni kwamba watu waliandikishwa hapa hapa, shambani hakwenda mtu.

Saa 1:20 hadi saa 6:30 mchana

Gunia halipandi mizani kabla ya kupimwa unyevu. Bambo, chuma chenye mfereji cha kutolea punje ndani ya gunia, linachomwa sehemu tatu, juu, kati na chini, maana kakao iliyokauka vizuri hupenda kuwekwa juu. Kipima unyevu kiwe kimechaguliwa zao la kakao, na punje zilizotoka juani zipoe kwanza, joto hupotosha usomaji. Kiwango ni asilimia 7.5. Ikizidi 8 ukungu unakaribia, na ukungu haurekebishwi kwa hesabu, kakao yenye ukungu inakataliwa.

Kituo kinachokubali kakao yenye unyevu uliozidi kidogo hupunguza uzito kwa kanuni moja: uzito × (100 − unyevu) ÷ 92.5. Gunia la kilo 63.8 lenye unyevu wa asilimia 9 linakuwa 63.8 × 91 ÷ 92.5, yaani kilo 62.8. Wengi hukata asilimia 1.5 tu, yaani 9 toa 7.5, na kwenda zao. Tofauti ni gramu 80 hivi kwa gunia. Kwa magunia 200 ni zaidi ya kilo 15, na jioni ghala linazitafuta.

Sasa mizani. Namba inatoka kwenye mizani kwenda kishikwambi kwa Bluetooth, na karani hana mahali pa kuiandika. Sheria hii ikivunjwa, mfumo wote unabaki daftari lenye kioo. Gunia linasimama peke yake: likiegemea ukuta linapungua, mguu wa mpakiaji ukikanyaga jukwaa linaongezeka. Programu husubiri usomaji utulie ndipo iupokee. Mkulima anasoma kioo cha pili kilichomwelekea yeye. Uzito wa gunia tupu unaondolewa kwa aina yake. La katani ni karibu kilo 1, la plastiki ni gramu 100 hivi, na kulichagua lisilo lake ni kumpunja mtu karibu kilo nzima. Penye mizani mbili, kila moja iwe na jina kubwa juu yake na jina hilo hilo lionekane kwenye kishikwambi. La sivyo, uzito wa gunia la jirani unaingia kwenye risiti yako.

Karani akikosea hasahihishi. Anafuta muamala kwa kutaja sababu, anapima upya, na vyote viwili vinabaki kwenye kumbukumbu.

Risiti inachapwa, lebo yenye msimbo inashonwa mdomoni mwa gunia. Karatasi ya risiti, inayochapwa kwa joto bila wino, hufifia juani, hivyo ujumbe wa simu unafuata.

Saa 7:30

Mtandao unarudi, malipo ya simu yanaondoka. Kila muamala ulishapewa namba ya pekee na kishikwambi chenyewe kabla ya kutumwa, kwa hiyo ukitumwa mara tatu seva inatambua ni ule ule na kulipa mara moja. Hatari ni karani kufungua muamala *mpya* kwa sababu wa kwanza "umeganda". Huo una namba nyingine, na utalipwa.

Majibu ni matatu: yamekamilika, yamekataliwa, yanasubiri. Yaliyokataliwa yana sababu: laini ina jina la mwanawe, imefungwa kwa kutotumika, au salio limefika kikomo. Yanayosubiri hayaguswi mpaka kampuni ya simu itoe jibu. Ada ya kutoa fedha, kama mnunuzi anaibeba, iandikwe mstari wake kwenye risiti. Isipoandikwa, mkulima hulinganisha fedha aliyoshika na kilo zake na lawama inaangukia mizani.

Saa 10:15 jioni

Kufunga. Magunia yanahesabiwa kwa mkono, kisha lebo zinasomwa moja moja yakipanda lori. Idadi tatu zilingane: risiti, lebo, magunia. Gunia lisilo na lebo linabaki kituoni hata kama kila mtu anajua ni la nani, kwa sababu likiingia kwenye shehena, shehena yote haina tena asili inayojulikana. Kilo zilizonunuliwa na zilizopakiwa huachana kidogo kwa punje kumwagika na unyevu kupotea. Zilizopakiwa zikizidi, uzito wa gunia tupu uliondolewa mara mbili.

Lakiri ya lori inafungwa, namba yake inapigwa picha. Kishikwambi hakizimwi mpaka foleni ya kutuma isome 0.