Kutná Hora: wilaya iliyotajirishwa na madini ya fedha, migodi yake ikanywa maji ya mji

Wageni wanaotutembelea Praha, mji mkuu wa Ucheki, huomba karibu wote kupelekwa "kule kwenye kanisa la mifupa". Kanisa hilo, lililopambwa kwa mifupa ya watu, lipo Sedlec, kitongoji cha mji wa Kutná Hora, kilomita kama 70 mashariki ya Praha. Wengi hupiga macho mafuvu, wakapanda treni kurudi. Ni hasara, maana mifupa ni kipande kidogo tu cha habari ya wilaya hii.

Tuanze na neno wilaya, linalowachanganya wanaohamia huku. Ofisi za wilaya, okres kwa Kicheki, zilifutwa nchi nzima mwisho wa 2002. Mipaka imebaki kwa ajili ya mahakama na takwimu: Kutná Hora ina manispaa 88 katika takriban kilomita za mraba 917. Kazi za ofisi zile zilikabidhiwa manispaa kubwa, ambazo hapa ni mbili, Kutná Hora na Čáslav. Leseni ya udereva, usajili wa gari na leseni ya biashara unashughulikia huko. Kibali cha ukaazi sicho chao, hicho ni cha idara ya uhamiaji ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na ukipanga foleni manispaa utapoteza asubuhi bure. Makao makuu ya mkoa, Bohemia ya Kati, yapo Praha, ingawa Praha yenyewe haimo katika mkoa huo. Wacheki wamezoea.

Kaskazini ya wilaya ni tambarare ya mto Labe, mashamba matupu. Kusini ardhi inapanda kuwa vilima na misitu mpaka bonde la mto Sázava. Mji wa Kutná Hora umekaa pale tambarare inapokutana na vilima, na chini yake ndiko kulikokuwa na madini ya fedha. Mwaka 1300 Mfalme Václav II alitoa sheria ya migodi, akaleta mafundi kutoka Italia kufua sarafu mpya, groši ya Praha: gramu kama 3.7, taji upande mmoja, simba wa mikia miwili upande wa pili. Sarafu hiyo iligongwa kwa nyundo hadi 1547. Karakana ilikuwa Vlašský dvůr, yaani Ua wa Waitalia, na jengo linatembelewa mpaka leo.

Mgodi mmoja, Osel, jina lenye maana ya punda, ulishuka zaidi ya meta 500 kwa patasi na nyundo. Kwenye makumbusho ya fedha ya Hrádek utavalishwa kanzu nyeupe kama ya wachimbaji, kofia ngumu na taa, kisha utapita kwenye njia ya kweli ya mgodi yenye urefu wa kama meta 250. Mahali pengine dari ni sentimeta 120 na upana ni 40. Mwenye mwili mkubwa au anayeogopa kubanwa abaki juu, kwani kugeuka katikati ya msafara hakuna. Chukua koti hata Julai, chini kuna baridi ya nyuzi 12 hivi. Jumatatu pamefungwa, na miezi ya baridi kali vilevile.

Jambo ambalo waongozaji hulipitia haraka ni maji. Migodi ilivuruga maji ya ardhini, mji tajiri ukakosa maji safi ya kunywa. Ikabidi yaletwe kutoka chemchemi ya nje kwa mabomba ya mbao na kumiminwa kwenye tangi la mawe lenye pembe 12, lililojengwa miaka ya 1490. Linaitwa Kamenná kašna na bado limesimama katikati ya mji, likiwa na nakshi zinazoweza kupamba kanisa. Watu hulipita wakidhani ni kaburi la mtu mkubwa.

Kanisa la Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi, lilianzishwa 1388 kwa pesa za wenyeji, nje ya eneo lililoshikwa na watawa wa Sedlec, ambao hawakupendana sana na mji. Vita vya wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Kicheki aliyetaka kanisa lirekebishwe, vikasimamisha ujenzi, madini ya fedha nayo yakapungua, na kazi ikakamilika 1905. Usilichanganye na kanisa kuu la Sedlec la Mama Maria: yote mawili yamo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1995, lakini yako mbali kwa miguu.

Kuhusu usafiri, treni ya Praha inasimama Kutná Hora hlavní nádraží, karibu kilomita tatu kutoka mji wa kale. Mifupa ya Sedlec utaifikia kwa miguu, dakika 15 hivi. Kwenda mjini, vuka jukwaa, kisha panda treni ndogo hadi kituo cha Kutná Hora město. Tiketi ya jumba la mifupa inakatwa kwenye ofisi ya habari karibu na kanisa kuu, si mlangoni, na kupiga picha ndani kumekatazwa. Mpangilio unaouona ni wa František Rint, 1870. Waliomo wanakadiriwa kuwa zaidi ya 40,000, wengi wao wa tauni na vita, kwa hiyo sauti ya chini inatosha.

Ukiwa na siku ya pili, nenda Čáslav, alikozaliwa mwongozaji filamu Miloš Forman mwaka 1932, au kwenye kasri la Kačina lenye makumbusho ya kilimo. Mimi ningechagua treni ndogo ileile hadi mwisho, Zruč nad Sázavou. Mji huo ulikuzwa na kampuni ya viatu ya Baťa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930: kiwanda, na nyumba za wafanyakazi za matofali mekundu pembeni. Ndiyo Bata ileile ya Limuru na ya viatu vyetu vya shule. Kurudi Praha huna haja ya kupita Kutná Hora tena: panda treni inayofuata mto Sázava hadi Čerčany, ubadilishe hapo. Inakwenda polepole, na upande wa mto ndio wa kukaa.