Tungeanza na kusoma kwanza

Jumamosi ile ya kwanza ya kujifunza kuandika blogi tulikuwa walimu kumi na mmoja ndani ya chumba cha kompyuta, shule yetu iko upande huu wa Ahero, na saa nzima na nusu iliisha kabla mtu hajaandika hata neno moja. Wala si stima ilipotea. Ni paswadi! Ukitaka kufungua blogi ya Blogger lazima uwe na akaunti ya Google, na kumbe wengi wetu akaunti zetu zilifunguliwa na kijana aliyetuuzia simu huko Kisumu mjini, yeye ndiye aliweka paswadi na yeye ndiye anaijua. Mwalimu mmoja wa hesabu, mzee wetu, akampigia wake simu hapo hapo mbele ya watu, "Kijana yangu, ile paswadi uliniwekea mwaka juzi bado unaikumbuka?" na mambo yalivyo, kijana aliikumbuka. Tulicheka lakini nilirudi nyumbani nikabadilisha yangu usiku huo huo.

Basi kufika saa ya chakula kila mtu alikuwa na blogi, na ukizifungua zote zinasema kitu kimoja, "Karibuni kwenye blogi yangu". Nyingi zilifia hapo. Yangu niliandika aya moja ya ngeli halafu kimya miezi miwili, kwa sababu nani atasoma? Hakuna mwalimu atamaliza bando yake kila asubuhi akipita blogi kumi na moja kuangalia kama kuna jipya, na kazi ya kusahihisha iko hapo imemngoja.

Madam wetu wa kompyuta ndiye alitutoa hapo, akatufundisha kitu kinaitwa RSS. Walimu wa Kiswahili tulianza kubishana jina kabla hatujaelewa kazi yake (si unatujua), mimi nikasema "mlisho", mwenzangu akasema hilo ni la ng'ombe, tukabaki na "fidi" mpaka leo. Kazi yenyewe ni rahisi, tovuti inaweka faili dogo lenye vichwa vya habari mpya na linki zake, wewe unakuwa na programu moja ya kusomea, sisi tunatumia Feedly, nayo inapita kwa hayo mafaili na kukuletea kilicho kipya tu, hakuna cha kuzunguka. Blogi ya WordPress unaongeza /feed mwisho wa anwani, ya Blogger unaongeza /feeds/posts/default, umemaliza. Na si kitu cha jana, iko tangu 1999, watu walikuwa wanatumia Google Reader mpaka Google wenyewe wakaifunga Julai 2013 na wengi wakahamia hiyo hiyo Feedly. Sisi ndio tulichelewa.

Mimi niliweka BBC Swahili na DW Kiswahili. Asubuhi nikikunywa chai napitia vichwa, nikiona habari yenye aya nne tano zilizoshikana vizuri hiyo ni ufupisho wa Form Three tayari. Yeyote anayefundisha Kiswahili anajua shida yangu, karatasi ya pili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, inataka ufahamu na ufupisho, na vile vifungu vya vitabu vya marudio wanafunzi wameshavikariri pamoja na majibu, unampa kifungu anakuandikia jibu hata hajasoma swali. Habari ya jana hana pa kunakili. Kuna siku nyingi sipati kitu, habari ni fupi mno ama Kiswahili chake ni cha kutafsiriwa kinanguruma, hiyo nayo nawapa walimu wenzangu wacheke.

Lakini kilichotuamsha hasa ni pale Madam alipoweka blogi zetu zote kumi na moja kwa fidi moja akaionyesha ukutani. Aibu! Tisa zimelala, mbili ndizo zinatembea. Ya kwanza ni yake mwenyewe, ya pili ni ya mwalimu wa jiografia ambaye hata hasemi sana, yeye na wanafunzi wake wanasoma kipimamvua kila saa tatu asubuhi na kuandika milimita, mstari mmoja tu, na mvua ikikaza wanaongeza maji ya mto Nyando yamefika wapi. Ghafla watu wakawa wanamsoma. Huku kwetu maji ya Nyando si somo la darasani tu, ni swali la kama utafika nyumbani jioni. Hata mama wa jikoni anauliza jiografia wamesema ngapi leo.

Deputi aliingilia kati mara moja, na alikuwa sawa, akakataza picha na majina ya watoto, maana sheria ya kulinda data ya 2019 inataka mzazi akubali kwanza. Tunaandika jina la darasa tu, basi.

Nikiulizwa leo na shule nyingine nitasema msianze na blogi. Wapeni walimu fidi mwezi mzima wasome tu, wazoee kuona jina la mwenzao likitokea asubuhi, wenyewe wataanza kuwashwa na mikono. Mimi yangu ya ngeli imefufuka, nimefika ya nane.

Jumatatu nimefungua simu na chai yangu, chini ya habari za dunia nikaona mstari wa jiografia: "Leo hakuna kipimo. Kipimamvua kimeibiwa usiku." Kilikuwa cha shaba.