Siku hizi nasoma kwa waimbaji

Sisi wapiga tarumbeta tunapenda kusikilizana wenyewe kwa wenyewe, tena tukishindana nani anafika juu zaidi. Mimi siku hizi nawasikiliza waimbaji. Mwimbaji mzuri huvuta pumzi akijua kabisa sentensi inaishia wapi; hakati neno katikati. Basi kila mstari nauimba kwanza, ndipo naweka tarumbeta mdomoni, na noti za juu zinatoka bila kukaza midomo. Wala si jambo jipya: Arnold Jacobs, mpiga tuba (ala kubwa ya kupuliza yenye sauti nzito) wa Chicago Symphony Orchestra kuanzia 1944 hadi 1988, aliwahimiza wanafunzi wake wausikie wimbo kichwani. Wapiga fidla nao wana lao, kugeuza upinde bila sauti kukatika. Hilo naliiga kwa ulimi, maana kwenye tarumbeta ndio unaoanzisha noti, na bado linanitoa jasho.