Mke wangu anakimbiza gari, na bado kanishinda kwa lita

Kwenye daftari langu la mafuta kuna mistari miwili inayofuatana ambayo ilinikosesha raha kwa muda. Wa juu ni wangu: kilomita 583, lita 38.6. Ukigawanya unapata kilomita 15.1 kwa lita. Wa chini ni wa mke wangu, gari lile lile, mafuta yale yale: kilomita 812, lita 37.9. Hiyo ni 21.4.

Sasa mnielewe. Mimi ndiye ninayeendesha kama nimebeba mayai. Nabadilisha gia mapema, naachia mafuta nikiiona taa nyekundu tangu mbali, na matuta nayapanda kwa heshima. Yeye akishaingia barabara kuu anakanyaga mpaka 110 na anabaki hapo hapo, muziki juu, malori anayapita mawili mawili. Miaka yote hoja za mafuta zilikuwa zangu, yeye kazi yake kunyamaza. Siku hiyo alisoma mistari yote miwili, akalirudisha daftari kwenye kisanduku chake, akasema, "Labda gari linanipenda mimi."

Gari lenyewe ni dogo, la milango mitano, la mwaka 2014, injini ya dizeli ya 1.6 yenye turbo, gia sita za mkono. Jina silitaji, kwa sababu ninayoyaeleza yanahusu karibu kila gari la namna hiyo. Kitabu chake kinasema linatumia lita 4.0 kwa kilomita 100, yaani kilomita 25 kwa lita. Namba hiyo haikutungwa hewani. Ilitoka kwenye kipimo cha Ulaya cha zamani, NEDC, ambacho gari huwekwa juu ya magurudumu ya maabara na kuendeshwa kilomita 11 kwa dakika 20, kwa wastani wa kilomita 34 hivi kwa saa, kiyoyozi kimezimwa. Kutoka kusimama mpaka kilomita 50 kwa saa, sehemu moja ya kipimo hicho inalipatia gari sekunde 26. Jaribuni kuhesabu sekunde 26 kimoyomoyo huku mnaondoka kwenye taa, mkiwa na watu nyuma yenu. Kipimo kilichokuja baadaye, WLTP, kilichoanza kutumika mwaka 2017, ni kirefu na chenye kasi zaidi, na namba zake ziko karibu na maisha. Langu lilizaliwa mapema, likabaki na sifa zake za maabara.

Kwa hiyo 25 sikuwahi kuitegemea. Nilichotegemea ni kwamba mwenye mguu mwepesi atapata zaidi ya mwenye mguu mzito.

Kwanza nilishuku kipimo chenyewe. Dizeli ina povu. Ukifungulia pampu kwa kasi, povu linapanda kwenye shingo ya tangi na pampu inakata yenyewe huku ndani pamebaki nafasi ya lita moja, pengine mbili. Tangi moja likikwambia umepata 23, usiite watu. Upungufu wa leo utadaiwa mara ijayo. Ndiyo maana najaza polepole, naacha pampu inapokata mara ya kwanza, na sisindilii. Mke wangu hajali hayo. Nikasema moyoni, hili ni povu tu. Nikasubiri. Tangi lake la pili likaja 21.0, la tatu 21.7. Povu likakataa kunitolea ushahidi.

Kompyuta ya kwenye dashibodi nayo haikunisaidia. Kwangu ilikuwa ikionyesha lita 6.2 kwa kilomita 100 wakati pampu ilisema 6.6. Kompyuta haina kikombe cha kupimia. Inakadiria kutokana na muda ambao nozeli, zile za kupulizia mafuta kwenye silinda, zinafunguka, na kwa kadiri nilivyoona, makadirio yake humbembeleza dereva. Kwa kulinganisha leo na jana inafaa. Kwa kubishana na mke haifai.

Ila ina kitu kimoja kizuri, namba ya matumizi ya papo hapo. Asubuhi moja niliamua kuitazama hiyo tu, safari nzima ya kwenda kazini, ambayo ni kilomita saba. Kilomita ya kwanza ilicheza kwenye lita 12 kwa kilomita 100. Ya pili, 10. Ya tatu na ya nne, kati ya 7 na 8, na hapo sikuwa nimevuka 50 kwa saa. Ilishuka chini ya 6 nilipoiona paa ya jengo letu. Nikaegesha. Nikakaa kidogo ndani ya gari na mikono juu ya usukani. Nilikuwa nafika kazini ndiyo kwanza injini inaamka, nikiizima ilale kwa muda wa saa tisa, jioni naianza upya ikiwa baridi.

Mke wangu anatembea kilomita 48 kila upande. Zile kilomita tano za mwanzo zinazonila mimi, kwake ni kijisehemu tu cha safari, zinamezwa na zile 43 zinazobaki.

Na hapa kuna jambo ambalo wenye dizeli tunalisahau. Dizeli inasifika kwa kutopoteza. Lita yake ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa sehemu moja ya kumi na ushee, inabana hewa kwa nguvu zaidi, na haina haja ya kuibania hewa mlangoni kama injini nyingi za petroli zinavyofanya ukigusa mafuta kidogo. Ndiyo maana kwenye foleni, ikishapata moto, hukaa ikiunguruma kwa nusu lita hivi kwa saa. Lakini kisichopotea ndicho ambacho kingepasha maji. Injini inayotoa joto dogo la ziada inachelewa kupata moto, na ikiwa baridi oili yake ni nzito, kuta za silinda zinanyonya joto, kila kitu kinasuguana. Ubahili wake ndio unaoichelewesha kuwa bahili. Nimelielewa hilo nikiwa na daftari mkononi, na bado linanichekesha.

Hadithi ingeishia hapo kama nisingefungua boneti. Kijiti cha oili kilitoka kimelowa mpaka juu ya alama ya mwisho, karibu upana wa kidole. Sikuwa nimeongeza oili tangu service. Nikakifuta, nikakirudisha, nikakitoa tena: pale pale. Nikanusa. Nikanusa tena. Harufu ya kituo cha mafuta.

Oili haiongezeki yenyewe. Kwenye bomba la moshi la magari haya kuna chujio la kunasa masizi, na likijaa, kompyuta inaamua kuyachoma. Inaongeza dizeli kwenye silinda kwa kuchelewa, ili joto liende nyuma, chujio lifike nyuzi 600 hivi na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka dakika kumi mpaka ishirini za mwendo usiokatika. Mimi safari yangu nzima ni dakika kumi na nane, nyingi zikiwa za injini baridi. Linaanza, nazima. Kesho linaanza tena, nazima tena. Ile dizeli ya ziada inatumika bila kumaliza kazi, na sehemu yake inateleza kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye oili. Dalili zote nilikuwa nimeziona bila kuzijua: mizunguko ya injini iliyopanda mpaka 1,000 kwa dakika badala ya 800 nikiwa nimesimama, feni iliyoendelea kuvuma baada ya kuzima, na harufu ya moto ambayo mara mbili niliisingizia gari la jirani. Oili nilibadilisha wiki ile ile, maana oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi na turbo haitaki masihara.

Fundi wa kwanza alisikiliza maelezo yangu kwa nusu dakika, akasema nozeli, zote nne, zitolewe. Nikamwambia nitarudi. Sikurudi.

Wa pili ni mzee ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakugusa kitu. Aliuliza, "Mwanangu, mshale wa joto unakaa wapi?"

"Chini kidogo ya katikati, mzee."

"Na ukiteremka mlima?"

Nikafikiri. Ukiteremka mlima unashuka. Nilikuwa nimeuona mara nyingi, na nilidhani ni jambo jema, gari halichemki.

Akaniambia nilete gari asubuhi likiwa limelala, nisiliwashe, kwa hiyo nililiacha kwake usiku kucha. Asubuhi akaliwasha, akauchukua mkono wangu akauweka juu ya mpira wa juu wa radieta. "Shika hapo. Usiachie." Mpira ule unatakiwa kubaki baridi mpaka injini ifike karibu nyuzi 90, ndipo themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye radieta kabla hayajapata moto, ifunguke na maji ya moto yaje kwa ghafla. Wangu ulianza kupata uvuguvugu dakika ya tatu, pole pole, kama chai inayosahaulika kwa kurudi nyuma. Mzee akatikisa kichwa. Alipoitoa themostati aliinua juu kuelekea jua, na pembeni mwa kifuniko, mahali palipotakiwa kufungwa kabisa, ukapenya mstari mwembamba wa mwanga. Upenyo wa unene wa ukucha. Kwa upenyo ule maji yalikuwa yakipita kwenye radieta wakati wote, na injini ambayo tayari inachelewa kupata moto ilikuwa ikipozwa huku inajipasha.

Sijui ulikuwepo tangu lini. Mke wangu hakuathirika sana kwa sababu mzigo wa barabara kuu ulitoa joto la kutosha kuushinda.

Baada ya kubadilisha themostati nilipanda kutoka 15.1 hadi 17.0, wastani wa matangi matatu. Oili imetulia kwenye alama yake. Mambo mengine niliyojaribu katika kipindi hicho yote sina cha kujivunia. Upepo wa tairi ulikuwa umepungua kidogo, nikajaza, daftari halikuona tofauti, ingawa usukani uliona. Keria ya juu niliitoa kwa sababu ilikuwa inapiga mluzi. Na wale wanaotoa gia wakiteremka mlima ili waokoe mafuta, waache: gia ikiwa ndani na mguu ukiwa nje, gari la kisasa linakata mafuta kabisa, sifuri, ukiweka frii linalazimika kuunguruma kwa mafuta yake, na breki zako zinabaki peke yake na mteremko.

Bado lilibaki suala la mguu. Tulikubaliana kubadilishana njia kwa muda, kila mmoja matangi mawili. Mke wangu kwenye kilomita zangu saba, kwa mwendo wake wa kila siku, alipata 16.1 dhidi ya 17.0 yangu. Kwenye njia yake, baada ya themostati mpya, yeye kwa 110 alikuwa akipata 22.3. Mimi nilishika 90 bila kupepesa, nikaachwa na malori, nikapata 24.9, namba ya kitabu karibu kabisa niiguse. Sababu kubwa ni upepo: kutoka 90 mpaka 110 upinzani wa hewa unaongezeka kwa karibu nusu nzima, na gari dogo la nyuma iliyokatika ghafla si umbo la samaki.

Kwa hiyo mguu wangu una faida, nilikuwa sahihi miaka yote. Ila faida hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya njia, na hilo ndilo lililonifanya niandike haya badala ya kumpelekea daftari nikiwa nimesimama kifua mbele.

Kifua mbele nilimpelekea hata hivyo. Nilimwonyesha 24.9, nikaipigia mstari mbele yake. Akaomba kalamu. Aliandika kilomita zake 48, akagawa, akatoa, kisha akaangalia saa zangu za kufika nilizokuwa nimeziandika pembeni kwa hiari yangu mwenyewe.

"Chini ya robo lita kwa safari," akasema. "Na dakika sita." Akanirudishia kalamu. "Wewe chukua robo lita. Mimi niachie dakika zangu."