Klorini Haipandi Kwenye Bwawa la Chumvi? Pima Usiku Kabla ya Kununua Seli

Bwawa la chumvi likisoma klorini sifuri, mafundi wengi wa hapa Dar hukimbilia kusema seli imekufa. Seli, yaani kile kifaa chenye bamba kinachogeuza chumvi ya maji kuwa klorini kwa umeme, ndiyo kifaa cha bei kubwa kwenye mtambo mzima, kwa hiyo kuibadilisha kwa kubahatisha kunaumiza mfuko bure. Mara nyingi klorini inatengenezwa vizuri tu, ila inaliwa na jua au mwani kabla hujachukua kipimo. Jua kwanza kama haitengenezwi kabisa, au inatengenezwa halafu inaliwa. Jibu unalipata usiku, wakati jua halipo.

Chukua bwawa la mita 10 kwa 4, kina cha wastani mita 1.25. Hilo ni mita za ujazo 50, yaani lita 50,000. Usiku wa kwanza zima seli lakini acha pampu izungushe maji. Jua likishazama, yeyusha gramu 400 hivi za klorini ya unga ya asilimia 65 kwenye ndoo ya maji (unga ndio unaingia kwenye maji, kamwe usimwagie maji juu ya unga), kisha mimina kuzunguka bwawa. Klorini itapanda kwa takriban 5 ppm (ppm 1 ni gramu 1 kwa kila mita ya ujazo ya maji). Subiri saa moja, pima, andika. Pima tena saa kumi na moja alfajiri. Ikishuka kwa zaidi ya 1 ppm, kuna kitu kinachokula klorini gizani: mwani ambao bado hauonekani kwa macho, majani yanayooza kwenye kikapu, mafuta na jasho la waogeleaji. Hapo seli mpya haitakusaidia. Sugua kuta, safisha filta, endelea kuongeza klorini ya unga hadi upotevu wa usiku ukome.

Usiku wa pili washa seli kwa asilimia 100 kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ukipima mwanzo na mwisho. Soma kibandiko: kama seli inatoa gramu 20 kwa saa, saa 10 ni gramu 200, na kwenye bwawa hili hiyo ni 4 ppm. Ukipata ongezeko la 3 au zaidi, iache seli ilipo. Ukipata 1 au pungufu, ilhali usiku wa kwanza maji hayakupoteza kitu, basi kasoro iko kwenye mtambo.

Tumia kipimo cha DPD, kile kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Cha matone ya njano kinahesabu hata klorini iliyokwisha kushikwa na uchafu. Na ujue kwamba klorini ikizidi sana, rangi ya DPD hupauka, ukadhani ni sifuri.

Kama seli imefaulu, mtuhumiwa mkuu ni jua. Bila stebilaiza, yaani asidi ya sayanuriki, jua kali la mchana linaweza kuondoa nusu ya klorini ndani ya saa moja. Seli haitengenezi stebilaiza. Vidonge vingi vya klorini vinayo, ndiyo maana bwawa lililohama kutoka vidonge kwenda chumvi huenda vizuri miezi ya mwanzo, halafu mvua za masika zinalifurisha na stebilaiza inaondoka na maji. Lenga 60 hadi 80 ppm. Kupandisha 40 ppm kwenye mita za ujazo 50 kunahitaji kilo 2. Zitie kwenye soksi, uzitundike mbele ya mdomo wa maji yanayorudi bwawani, na usitarajie kipimo kionyeshe yote kabla ya wiki. Usipitishe 100, maana klorini inakuwa nzito kufanya kazi.

Hesabu pia saa ambazo seli inafanya kazi. Bwawa likipoteza 3 ppm kwa siku, linadai gramu 150. Seli ya gramu 20 iliyowekwa asilimia 50 kwa saa 6 inatoa gramu 60 tu. Umeme nao unachangia: taima ya kuzunguka husimama umeme unapokatika, na ya kidijitali yenye betri iliyokufa husahau kila kitu. Baada ya kila mkatiko, itazame taima, kisha hakikisha kisanduku cha seli, kile kinachoipa umeme na kuiongoza, nacho kimewaka.

Tukija kwenye mtambo wenyewe, anza na chumvi. Seli nyingi zinataka takriban 3,200 ppm, lakini fuata kitabu cha yako. Usiamini namba ya kisanduku peke yake, kwa sababu kinakisia chumvi kutokana na umeme unaopita, na seli chafu au iliyozeeka inasoma chini. Watu humwaga mifuko na mifuko kwa sababu hiyo, mwishowe chumvi inazidi na dawa yake ni kumwaga maji. Pima kwa karatasi au mita tofauti. Ikiwa kweli ni 2,400, upungufu wa 800 ppm ni kilo 40. Tumia chumvi safi iliyokauka. Ile ghafi ya pwani ni rahisi, lakini huja na tope, kalisi na magnesi, vitu vinavyoganda kwenye seli.

Halafu fungua seli, umeme ukiwa umezimwa kabisa, uchungulie kati ya bamba. Ukoko mweupe ni chokaa, na mabwawa yanayojazwa kwa maji ya kisima yenye chokaa nyingi huupata upesi. Jaribu kwanza mpira wa maji. Ukigoma, changanya tindikali ya haidrokloriki sehemu 1 kwenye maji sehemu 10, ukitia tindikali ndani ya maji, nje penye hewa, na glavu na miwani. Iweke mbali na klorini, kwani zikikutana zinatoa gesi ya sumu. Jaza seli kwa dakika 10 hadi 15. Mapovu yakikoma, ukoko umekwisha. Usikwangue kwa bisibisi, maana bamba ni titani iliyopakwa ruteni au iridi, na mpako huo ndio unaofanya kazi. Tindikali nayo huula polepole, kwa hiyo usioshe seli iliyo safi. Ukoko ukirudi baada ya wiki chache, angalia pH: mabwawa ya chumvi hupanda pH yenyewe, na ikipita 7.8 chokaa inaganda. Irudishe kati ya 7.2 na 7.6.

Taa ya mtiririko kwenye kisanduku ikiwaka kuonya kwamba maji hayapiti vizuri, safisha vikapu na filta, tafuta hewa kwenye bomba. Usikubali fundi aunganishe nyaya za swichi ya mtiririko ili seli iwake tu. Seli inatoa haidrojeni, na maji yasipopita gesi hiyo hujikusanya na inaweza kulipuka. Kagua pia plagi ya seli. Hewa ya bahari Masaki au Mbezi Beach huotesha kutu ya kijani kwenye pini zake.

Chumvi ikiwa sahihi, bamba safi, plagi safi, volti zinafika na ampea bado ziko chini, hapo seli imekwisha. Nyingi huishi saa 8,000 hadi 10,000, na huku kusiko na majira ya baridi ya kuipumzisha, saa 8 kwa siku ni karibu saa 2,900 kwa mwaka. Unaponunua nyingine kwa mita za ujazo 50, chukua iliyoandikwa mita za ujazo 80 au zaidi, hakikisha inaendana na kisanduku ulicho nacho, na upime kipenyo cha bomba kama ni milimita 50 au 63 kabla ya kulipa.