Jinsi tulivyokisajili chama chetu cha akiba kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi

Chama chetu cha akiba na mikopo hapa Busia, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, kimesajiliwa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi ya Uganda, na kazi hiyo niliishughulikia mimi nikiwa katibu. Makatibu wa vyama vingine, wa upande huu na hata wa ng'ambo ya mpaka, wamekuwa wakinijia kuuliza tulipitia njia gani. Nimeona niandike, maana jambo lenyewe ni zito kuliko ile fomu ya mtandaoni wanayoiulizia.

Wanachama wetu ni watu wa mpakani: wauza mukene (dagaa), wauza nafaka na mitumba, wabadilisha fedha, waendesha bodaboda. Yuko Msamia, yuko Mteso, yuko Mganda na Mjaluo, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha kikaoni. Mtu akijiunga anatuachia fotokopi ya kitambulisho, namba ya simu, picha mbili, alama ya dole gumba, jina la mrithi na majina ya wadhamini. Akikopa, tunajua anadaiwa kiasi gani na anauza nini. Ukiyaweka pamoja hayo yote, chama kinamjua mwanachama kuliko ndugu zake wanavyomjua. Mimi hilo lilikuwa likinisumbua tangu nilipokabidhiwa funguo za kabati.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ilitiwa saini Februari 2019, na kanuni zake zikatoka 2021. Imejengwa juu ya ibara ya 27 ya Katiba yetu, inayolinda faragha ya mtu. Ofisi inayoisimamia iko chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Ndiyo inayosajili wanaokusanya taarifa za watu, inayopokea malalamiko, na inayochunguza.

Nilipolileta suala la kujisajili kwenye kamati mara ya kwanza, mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ofisi ni ya mabenki na makampuni ya simu. Sisi wachuuzi inatuhusu nini?" Swali lake lilikuwa la haki. Nilimsomea sheria: inamtaja mtu, taasisi na shirika la umma, na haikuweka kipimo cha ukubwa wa duka. Bado hakuridhika. Kisha Julai 2025 ofisi hiyo ilitoa uamuzi juu ya malalamiko ya raia wanne wa Uganda dhidi ya Google. Ilisema kampuni hiyo inakusanya taarifa za watu wa Uganda bila kusajiliwa, ikaipa siku 30 ijisajili. Nilimpelekea mwenyekiti habari hiyo dukani kwake. "Mzee," nikamwambia, "ikiwa wale wa Marekani wasio na hata ofisi hapa wanaambiwa wakajiandikishe, sisi wenye kabati pale sokoni tutajitetea vipi?" Akaniruhusu nianze.

Nilianza na kabati. Ukiniuliza kazi yote ilikuwa wapi, ilikuwa pale. Tulikaa na mweka hazina tukatoa kila jalada, na kwa kila karatasi tukauliza: hii ni ya nini? Sheria inataka taarifa ziwe za kutosha na zinazohusika na jambo lililokusudiwa, zisizidi hapo. Fomu yetu ya zamani ilikuwa na nafasi ya dini na nafasi ya kabila. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeziweka wala kwa sababu gani, na hakuna mkopo uliowahi kutolewa au kunyimwa kwa ajili yake. Tukaziondoa. Tulikuta fotokopi za vitambulisho vya waume na wake za wanachama, watu ambao hawajawahi kukanyaga chamani wala kuulizwa kama wanakubali. Nazo zikaondoka.

Kitambulisho chenyewe kinahitaji uangalifu zaidi ya watu wanavyodhani. NIN yetu, yaani namba ya utambulisho wa taifa, ina herufi na tarakimu 14, na anayejua kuisoma anaona papo hapo kama mwenyewe ni mwanamke au mwanamume na alizaliwa mwaka gani. Ndiyo hiyo hiyo inayosajili laini ya simu, na laini ndiyo inayobeba pesa. Kwa hiyo daftari la mahudhurio, linalozungushwa kutoka mkono hadi mkono kila kikao, halikuwa mahali pa kuandika NIN. Sasa lina jina na sahihi tu.

Karatasi zilizotolewa nazo zilizua mjadala. Hapa kwetu karatasi zilizotumika zina soko: zinauzwa kwa kilo, na kesho yake unafungiwa karanga au rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) kwa karatasi yenye jina la mtu. Nimewahi kula chapati iliyofungwa kwenye karatasi ya matokeo ya mitihani ya shule, majina na alama zikisomeka vizuri. Sheria inasema taarifa zikishamaliza kazi ziharibiwe kwa namna ambayo haziwezi kuunganishwa tena zikaeleweka. Tulizichana, tukazichoma nyuma ya ghala wajumbe wawili wakishuhudia, na tukaandika kwenye kumbukumbu kilichochomwa. Hesabu za mikopo hatukuzigusa, kwa kuwa zipo sheria nyingine zinazotutaka tuzitunze.

Sasa nije kwenye orodha ya wadaiwa. Hii ndiyo iliyotutoa jasho.

Kwa miaka mingi chama kilikuwa kikibandika mlangoni majina ya waliochelewa kulipa, pamoja na kiasi. Simu zilipoenea, orodha hiyo ikaanza kutumwa pia kwenye kundi la WhatsApp. Wazee waliamini kwamba aibu ndiyo dhamana ya maskini, na sikuwa na haja ya kuwabeza, kwani chama kilisimama kwa imani hiyo. Lakini sheria ya Uganda inaweka taarifa za fedha za mtu katika fungu la taarifa maalumu, pamoja na afya yake, dini yake na msimamo wake wa kisiasa. Kuzitoa hadharani bila ruhusa ni kosa la jinai. Adhabu yake ni faini isiyozidi pointi 240 za sarafu, yaani shilingi 4,800,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Nilisoma hayo kwenye mkutano mkuu. Ukumbi ukachafuka. Mmoja akauliza kama serikali inawalinda wakopaji sugu. Mwingine akasema tukiondoa orodha, chama kitakufa kabla ya Krismasi. Niliyeshukuru kumsikia ni Hajjati mmoja muuza mchele. Alisimama, akasema jina lake liliwahi kubandikwa mlangoni alipokuwa amelazwa Tororo na mtoto. Aliporudi sokoni, wauzaji wa jumla waliokuwa wakimpa mzigo kwa mali kauli walikataa. Deni la chama alilimaliza. Mali kauli hakurudishiwa. "Mlitaka nilipe," alisema, "mkanifungia mlango wa kupata cha kulipa." Baada ya hapo watu walizungumza kwa sauti ya chini zaidi.

Tulichokubaliana ni hiki. Mdaiwa anapigiwa simu na mweka hazina, yeye peke yake. Akinyamaza, wanaambiwa wadhamini wake, ambao walitia sahihi na mkopaji alijua tangu mwanzo kwamba wataambiwa. Ikishindikana, kamati ya mikopo inamwita. Hatua zote hizo zimeandikwa kwenye fomu ya mkopo, anazisoma kabla ya kuchukua hela. Kundi la WhatsApp limebaki la matangazo ya mikutano na misiba. Chama hakijafa. Wapo wanaochelewa kama walivyokuwepo, na wapo wanaolipa kwa sababu wamefuatwa kwa staha.

Fomu mpya tuliiandika kwa Kiswahili. Sheria inataka mtu aelezwe, kabla ya kuchukuliwa taarifa zake, nani anazichukua, kwa ajili gani, zipi ni za lazima, na kwamba ana haki ya kuziona na kuzisahihisha. Asiyesoma anasomewa, na kama Kiswahili kinampiga chenga anaelezwa kwa Lusamia au Ateso mbele ya shahidi. Naliona hili kuwa la msingi kuliko cheti. Dole gumba lililowekwa kwenye maneno usiyoyaelewa si ridhaa.

Usajili wenyewe baada ya hapo ulikuwa mwepesi. Unajaza kwenye tovuti ya ofisi: chama ni nani, mnakusanya taarifa gani, za akina nani, mnampa nani mwingine, mnazilindaje. Unalipa ada. Kwa kuwa kabati tulikuwa tumeshalipitia, kila swali lilikuwa na jibu. Anayeanza na fomu kabla ya kabati atajikuta akibuni majibu, na majibu hayo ndiyo ofisi itakayomshikia siku ikija kukagua. Cheti ni cha miezi 12, kisha unahuisha. Kamati iliniteua pia niwe afisa wa ulinzi wa data wa chama, kama sheria inavyotaka awepo mtu wa kuulizwa.

Tuliweka pia utaratibu wa siku mbaya. Simu ya chama ikiibwa, au daftari likipotea kwenye basi, sheria inatutaka tuiarifu ofisi mara moja, na ofisi ndiyo inayoamua kama wenye taarifa waambiwe. Namba za kupiga tumezibandika ndani ya kabati, siyo kichwani mwa katibu, kwani katibu naye huugua na husafiri.

Kuna kazi mbili bado ziko mezani. Ya kwanza ni programu ya hesabu tunayotaka kuhamia. Anayetuuzia anasema kumbukumbu zitakaa kwenye kompyuta za nje ya Uganda. Sheria inaruhusu iwapo nchi hiyo ina ulinzi unaolingana na wetu, au mwanachama akiridhia. Nimemtaka aandike ni nchi gani, na kwenye mkataba akubali kutunza siri na kutotumia majina yetu kwa biashara zake. Asipoandika, tutabaki na madaftari.

Ya pili ni wanachama wetu wa ng'ambo. Kenya wana Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na sheria yao pia ni ya 2019. Tanzania wana Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mama anayelala Busia ya Kenya na kuweka akiba Busia ya Uganda anastahili kujua atalalamika wapi tukimkosea. Kwenye fomu tumemwandikia waziwazi kwamba chama kimesajiliwa Uganda na malalamiko juu yetu yapelekwe Kampala. Katibu yeyote anayetaka kuitazama fomu hiyo aje ofisini siku ya soko, nitampa nakala tupu aende akaibadilishe ifae chama chake.