Sindano aliyopewa mama, na ile aliyonyimwa

Mama alipoanza kuwa wa manjano, kila jirani pale Newala alikuwa na dawa yake. Mimi nilikuwa na yangu: vidonge vya rangi mbili kutoka duka la dawa, kutwa mara tatu. Homa ikashuka siku mbili, nikajiona daktari. Siku ya tatu alitetemeka mpaka kitanda kikalia, mkojo kama chai ya rangi, choo kimepauka.

Mtwara mjini ultrasaundi ilionyesha mrija wa nyongo umetanuka, ndani kuna kijiwe. Wakamchoma dawa za mshipani, homa ilipotulia tukapewa rufaa. Safari ya basi hadi Dar es Salaam nairuka, aliyepita Nangurukuru na mgonjwa anaijua.

Kilichotusaidia ni pakiti tupu ya vile vidonge niliyoiacha kwenye mkoba. Daktari aliisoma, akauliza kama kuna dawa inayomdhuru. Nikakumbuka: zamani alichomwa PPF, sindano ya penisilini, midomo ikavimba. Akaandika kwa wino mwekundu, akachagua dawa isiyo jamii ya penisilini. (Bahati yangu, nilichompa Newala hakikuwa jamii hiyo. Sikuwa nimewaza hata kidogo.)

Kabla ya kuingizwa kifaa cha endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera unaopitia mdomoni hadi kwenye mrija wa nyongo, alichomwa dozi moja ya antibaiotiki. Nikauliza kwa nini, na homa imeshaisha. Daktari akanieleza kwamba nyongo kwa kawaida haina vijidudu. Ikituama, vinapanda kutoka utumbo. Wakati wa kazi wanasukuma ndani ya mrija dawa ya kuufanya uonekane kwenye eksirei. Nyongo isipopata njia ya kutoka yote, shinikizo linavisukuma vijidudu kwenye damu. Kijiwe cha mama kilikuwa kikubwa, hawakuwa na uhakika wa kukitoa siku hiyo. Kweli hakikutoka, wakaweka mrija mdogo wa plastiki, nyongo ipite pembeni yake, na dawa zikaendelea siku chache.

Tulirudi kabla ya miezi mitatu kwisha, maana plastiki hiyo huziba. Safari hii hakuna sindano. Nikang'aka: "Dokta, mbona leo mnambania?" Akacheka. Homa hana, akasema, na wanatarajia kukimaliza kijiwe na kuacha mrija wazi; kwa mgonjwa wa namna hiyo dozi haiongezi kitu kikubwa, inawafunza tu vijidudu kuzoea dawa. Wangeshindwa, angepewa papo hapo. Sikuridhika, nakiri. Nilitaka achomwe tu.

Kijiwe kilitoka. Usiku ule niliamka mara tatu na kipimajoto. Niliambiwa homa, kutetemeka au maumivu makali ya tumbo ni kumwita muuguzi bila kusubiri asubuhi. Mara ya tatu ilisoma 36.7.

"Mwanangu, niache nilale," mama alisema, kisha akageuka. "Hebu, mnada wa korosho wiki hii umefika bei gani?"